Vidonge vya Siku ya Posa

Jani la isale nililifunga ndani ya kitenge, nikaliweka mkobani pamoja na kile kimfuko cha vidonge, nikaupakata mkoba kutoka Moshono hadi Akheri, kule Tengeru, kama mtu aliyebeba mayai. Isale, kwa asiyelijua, ni ule mmea wa majani marefu tunaozungushia mashamba kwetu Uchagani. Ukimkosea mtu kosa lisilotosha maneno, unamchumia jani lake na kumpelekea kwa mikono miwili. Akishaletewa, hawezi kukataa kusamehe. Wameru nao wanaliheshimu. Siku ile nilikuwa nalitegemea jani lile kuliko ulimi wangu, na ulimi wangu, jamani, Arusha nzima inaujua.

Maana mimi ni Brenda wa saluni ya Sakina. Pale kwangu habari hufika kabla haijawafikia wenyewe. Nani kaposwa, nani kaachwa, nani kajenga Moshono na hataki ndugu wajue, yote napata nikiwa nimeshika kitana. Lakini habari moja nilikuwa nimeikalia miezi mitano bila kumnong'oneza mtu, na ilikuwa inamuua mwanaume ninayempenda.

Ephraimu Sumari nilimpata kwa ndoo ya maji. Ni fundi wa magari ya watalii, gereji yao iko nyumba ya tatu kutoka saluni. Siku moja alisimama mlangoni, mikono myeusi kwa oili, akasema kwa ile sauti yake ya besi ya kwaya ya Kilutheri, "Dada, naomba maji ya rejeta." Wateja wangu wote wakageuka. Nikampa ndoo. Kesho yake akairudisha, imesuguliwa mpaka inang'aa, akaniangalia machoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kurudisha ndoo. Mama mmoja chini ya mashine ya kukausha nywele akacheka, "Brenda, huyo chalii hakuja kurudisha ndoo." Hakukosea.

Mwaka wa pili wa mapenzi yetu ukaota uvimbe kwenye paja lake. Wakaukata. Mwaka wa tatu ukatokea kwenye pafu. Besi yangu ikaanza kukatika katikati ya mstari. Akiimba ubeti mmoja, wa pili anausikiliza tu.

Aliyeleta matumaini alikuwa Tabea. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu Tabea si mgeni katika hadithi hii. Ni msichana wa Akheri kama Ephraimu, walikua pamoja, walipendana kabla yangu, na mama yake Ephraimu, Mama Anande, alishamhesabu kuwa mkwe. Kisha Tabea akaenda kusoma, akasoma akapitiliza, akaishia India kwenye timu ya utafiti wa saratani. Mimi nikabaki na mwanaume, na Mama Anande akabaki na masikitiko. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa akiniita tu "mgeni wetu," mwaka wa tatu huo.

Januari, Tabea akapiga simu ya video. Ephraimu akaipokea pale gereji, na mafundi wote wakajazana nyuma yake, na mimi katikati yao.

"Seli za kinga ni askari wa mwili," Tabea akaeleza. "Saratani ya damu ni mwizi anayekimbia sokoni. Ukishawaonyesha askari sura yake, wanamkamata. Lakini uvimbe mgumu kama wa Ephraimu ni mwizi aliyejenga nyumba. Ana ukuta, ana geti, na askari wakifika getini anawapa kitu cha kuwalegeza. Wanalala pale pale."

"Sasa nyie mnafanyaje?" akauliza Hans, fundi mwenzake.

"Tunatoa askari wake mwenyewe kwenye damu. Tunawabadilisha maabara: tunawafundisha alama iliyo kwenye uvimbe wake, halafu tunawaondolea ule udhaifu wa kulegezwa. Tunawakuza wawe mamilioni, tunawarudisha mwilini mwake."

"Yaani mnashusha injini, mnaifunga upya, mnairudisha kwenye gari lile lile."

"Hasa!" Tabea akacheka. "Ila bado ni majaribio, Hans. Wengine imewasaidia, wengine haikuwasaidia. Sitawadanganya." Kisha akaacha kucheka. "Na sharti ni moja. Kuanzia leo mpaka tutoe damu, asimeze kitu bila kuniuliza. Hata cha kikohozi. Kuna dawa za kawaida kabisa zinawalaza hao askari kabla hatujawafikia. Brenda, umenisikia? Wewe ndiye uko naye karibu. Nipigie saa yoyote."

"Nimesikia, dada Tabea," nikasema.

Midomo ndiyo iliyosema. Moyo wangu uliuliza, nikupigie wewe? Nikuombe wewe ruhusa ya kumhudumia mwanaume wangu?

Safari ilipangwa Machi. Lakini Februari, kule kwetu Moshono, ilikuwa siku ya posa. Baba alikuwa ameita ukoo mzima, mpaka wa Rombo. Wiki tatu kabla, Shangazi Evaresta alikuja saluni, akakaa bila kusalimia mtu, akanivuta kanga.

"Nimempita huyo kijana wako pale gereji. Brenda, mwanangu, unataka kuolewa au unataka kuvaa nguo nyeusi?"

"Shangazi, anatibiwa."

"Mashavu yameingia ndani kama ya mzee! Mimi sina neno na Wameru, sina neno na Walutheri. Nina neno na kaburi. Akija Moshono vile alivyo, wa kwanza kusimama na kusema hapana ni mimi, na unanijua nikisimama."

Namjua. Posa mbili za binamu zangu zilivunjika kwa kusimama kwake.

Shangazi alipoondoka nikalia. Jirani yangu Sabina, anayeuza vipodozi mlango wa pili, akaja kunibembeleza. Akaniuliza kisa, nikamweleza.

"Shosti, hilo tu?" akasema. "Si vipo vidonge vya kunawirisha! Mimi hii shingo unadhani nilizaliwa nayo? Vitatu kwa siku, wiki tatu, hata mkanda hautamfunga."

"Havina madhara?"

"Nusu ya mabibi harusi wa mji huu wanavitumia. Wewe umeona nani kafa?"

Alinipa kwenye kimfuko cha nailoni, vyeupe na vya rangi ya waridi vimechanganyika, bila jina wala karatasi. Nilishika simu jioni ile. Nikatafuta jina la Tabea. Nikaliangalia. Nikaizima simu.

"Vitamini hizi," nikamwambia Ephraimu kesho yake, na kikombe cha uji mkononi.

"Tabea anajua?"

"Vitamini tu, mpenzi."

Akaniangalia kama siku ile ya ndoo. Akafungua kinywa, nikamwekea vidonge ulimini kwa vidole vyangu. "Ukinipa wewe," akasema, "sina haja ya kuuliza."

Maneno hayo yalikuwa yakinirudia kila nikipika uji. Siku hizi sipiki uji.

Wiki ya kwanza akaanza kula kama mchimba mitaro. Wiki ya pili kifua kikafunguka, akapumua vizuri, akasimama kanisani Akheri akatoa ushuhuda kwamba Mungu ameanza kazi. Wiki ya tatu mashavu yakajaa, yakawa mviringo, yanang'aa. Siku ya posa alipoingia uani kwetu na ujumbe wa wazee wake, Shangazi Evaresta alimzunguka kama anayenunua ng'ombe, halafu akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe. Ephraimu akaombwa kuimba. Akaimba beti nne, zote, bila kukatika, macho yake kwangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Picha ya siku ile niliitundika ukutani saluni, juu ya kioo kikubwa.

Machi akaenda India na mama yake. Wakamlaza kwenye mashine inayopitisha damu na kuchuja seli. Zilizopatikana zilikuwa chache, na hizo chache maabara zikagoma kukua. Wakajaribu tena kwa zilizobaki. Zikagoma. Madaktari wakauliza, ulimeza nini? Ephraimu akasema, chakula na vitamini. Ni Mama Anande aliyeanza kulia. Akasema alikuwa akimchemshia mwanawe mizizi ya mlimani kila alipokuja Akheri.

Basi ikawa hivyo. Waliporudi, wazee wakakutana sebuleni Akheri. Mzee Meshack, baba mdogo wake Ephraimu, akasimama akasema mbele ya wote, "Shemeji, ulionywa usimpe kitu. Umefunga mlango wa mwanao kwa mkono wako." Mama Anande akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la chai. Nikaweka sinia mezani. Nikamimina chai.

Tangu siku hiyo, Anande, binti mkubwa wa nyumba, hakumruhusu mama yake kumpikia Ephraimu hata maji ya kuoga. Mama yule aliyekuwa akipikia kwaya nzima akawa anakaa nje ya jiko lake mwenyewe kwenye kigoda, anaangalia wengine wakipika. Akakonda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea sahani na kumbembeleza, "Kula kidogo, mama."

Ijumaa moja, mwezi wa Julai, Tabea aliingia saluni. Alikuwa likizo. Nilimtambua kwenye kioo kabla sijageuka: mwembamba, nywele fupi, miwani, hana hata hereni. Akaomba kuoshwa nywele. Nikamlaza kwenye beseni, nikafungua maji, na wote wawili tukajua hakuja kwa ajili ya nywele.

"Mama Anande hali chakula," akasema macho yamefungwa.

"Namwona."

"Ile mizizi aliyompa nimeiulizia kila mahali. Sioni ikifanya kitu kama kile." Nikamaliza kumsuuza. Nikamfunga taulo, akakaa mbele ya kioo kikubwa, na macho yake yakapanda juu, yakatua kwenye picha.

"Hii ya lini?"

"Ya posa. Februari."

Akasimama, akaisogelea, akaiangalia kama mtu anayesoma barua. "Uso umejaa," akasema polepole. "Mikono imebaki vile vile."

Mkononi nilikuwa na kitana. Kikadondoka.

"Brenda." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. "Jumatatu timu inakaa. Wakiamini seli ziligoma kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, wanamtoa kwenye utafiti, na hakuna kingine cha kumpa. Lakini kama alimeza dawa iliyozilaza, na ameacha miezi mitano, naweza kuwaomba wamrudishe kwenye mashine. Simtafuti mkosaji. Natafuta dawa. Siwezi kuandika nisichokijua."

Nilikuwa na kimfuko kile kwenye droo, chini ya mikasi. Kilikuwa hatua mbili.

"Sijui," nikasema.

Aliniangalia kwenye kioo. "Niko Akheri mpaka Jumapili jioni," akasema. Akaondoka na nywele mbichi.

Jumamosi nilisuka vichwa tisa na sikumbuki hata kimoja. Asubuhi ya Jumapili nikaenda kwetu Moshono, nikachuma jani kwenye uzio wa Baba. Baba alikuwa anaosha gari. Akaliona mkononi mwangu. Hakuuliza ni la nani. Alisema tu, "Chagua lisilo na tundu."

Basi ndiyo nikafika Akheri. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Nyumba ilikuwa imejaa, watu wametoka kanisani: Mzee Meshack na suti yake, wanakwaya wawili watatu, Tabea kwenye benchi, na Ephraimu barazani amekaa kwenye kiti chenye mto, shati la Jumapili linamcheza mwilini. Aliponiona uso wake ulifunguka. "Nyie, saluni imehamia Akheri!" akasema, akakohoa, akacheka. Watu wakacheka naye.

Sikwenda kwake. Ningekwenda kwake kwanza, nisingeweza tena. Nilipita uani mpaka jikoni, Mama Anande alipokuwa amekaa kwenye kigoda. Ndani, Anande alikuwa anakoroga loshoro, kile chakula cha Wameru cha mahindi na maziwa mgando. Nikapiga magoti kwenye majivu, nikafungua kitenge, nikalishika jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Aliliangalia jani. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Basi inuka, unachafua gauni."

"Siwezi, mama. Nimekuja na kosa." Nikasikia viatu nyuma yangu, watu wanasogea, kicheko cha barazani kimekatika. "Mizizi yako haikufanya kitu. Ni mimi. Nilimpa vidonge vya kunenepa ili ndugu zangu wasimkatae siku ya posa. Nikamwambia ni vitamini. Nilijua nimekatazwa. Halafu wakakulaumu wewe, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa namimina chai."

Anande alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Umesema nini?"

"Nyamaza, Anande," mama yake akasema. Akaniinamia. Sikuwahi kuyaona macho yake karibu hivyo, yana duara la kijivu pembeni kama ya Ephraimu. "Miezi mitano."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unaniletea sahani. Unaniambia nile."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikawa nasema moyoni, kumbe huyu mgeni ndiye mwenye huruma." Nilidhani atanipiga na nilitamani anipige. Badala yake akanyoosha mikono miwili, akalipokea jani. "Nimepokea. Isale haikataliwi." Akageuka kwa Mzee Meshack, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi. "Shemeji, wewe la kwako nalo nitalisubiri."

"Mama Anande..." mzee akaanza.

"Nitalisubiri, nimesema. Uzio uko pale." Kisha akasimama, akauchukua mwiko kutoka mkononi mwa Anande bila kuomba, akaingia jikoni kwake. Tukamsikia akifunua sufuria. "Hamjatia chumvi hata kidogo," akasema, na sauti ikakatika, akaanza kulia humo ndani huku anakoroga.

Tabea alikuwa ameshanifikia. Nikampa kimfuko. Akamimina vidonge kiganjani, akavigeuza kwa kidole.

"Vina steroidi hivi, naapa. Ile ile tunayoizuia." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana uso ulijaa peke yake, na akapumua vizuri. Ilituliza kuvimba kwa pafu kidogo na kulaza kinga yote. Nitavipima ili niandike kwa uhakika." Alikuwa tayari anatafuta namba kwenye simu. Halafu akasita. "Ijumaa kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ni wewe uliyeuliza."

Aliinamisha kichwa. "Mimi na yeye yaliisha zamani, Brenda. Ningekwambia, kama ungenipigia." Akaondoka kwenda kutafuta mtandao kwenye kilima cha shule.

Nilipogeuka, Ephraimu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amesikia yote. "Njoo," akasema. Tukatembea polepole mpaka mwisho wa migomba, kahawa zinapoanzia. Alisimama mara mbili kutafuta pumzi, na mara zote mbili nilinyoosha mkono kumshika, na mara zote mbili hakuuona.

"Siku ya posa," akaanza, "niliimba beti nne."

"Nakumbuka."

"Nilidhani ni Mungu. Nikasimama kanisani nikasema ni Mungu. Kuna mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alinishika mkono akaniomba nimwombee." Akang'oa jani la kahawa, akalikunja. "Si siku ile inayoniuma. Siku ile ulinipenda vibaya, basi. Kila mtu hukosea. Baadaye je? Aprili? Juni? Nilikuwa nalala kifuani mwako namlilia mama yangu, nasema kwa nini alifanya vile. Wewe unanipapasa kichwa."

"Niliogopa kukupoteza."

"Uliogopa nitoke nyumbani kwako. Hukuogopa nitoke duniani."

Nikasema, "Jani lilikuwa moja. Nimempa mama."

"Linanitosha na mimi." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tusimame pale akaniangalia kama siku ya ndoo. Alinishika shavu kwa kile kiganja chake chenye ngozi ngumu ya spana. "Nimekusamehe, Brenda. Mbele ya Mungu, sina neno na wewe."

Nikaushika mkono wake, nikaubusu, nikaanza kusema nitakavyomsubiri, nitakavyomwambia Shangazi ukweli, tutakavyofunga ndoa ndogo tu, watu ishirini, akirudi.

"Brenda." Akautoa mkono taratibu. "Isale inanilazimisha kukusamehe. Hainilazimishi kukuoa."

"Ephraimu, usiseme hivyo."

"Ukinipa kikombe nitakitazama ndani kwanza. Kila siku. Utaniona nikikitazama, na utajua kwa nini. Unataka kuishi hivyo?"

"Nitazoea."

"Mimi sitazoea." Macho yake yalijaa, hakuyafuta. "Nilikuwa sina haja ya kuuliza. Kitu hicho tu ndicho nilichokuwa nakupendea, kuliko hata uzuri wako. Nimekitafuta sasa hivi nikitembea kutoka pale nyumbani mpaka hapa. Sikipati."

Sauti ya mama yake ikaja kutoka jikoni, yenye nguvu, sauti niliyoisahau. "Ephraimu! Njoo ule, kinapoa!"

Akageuka, akapita katikati ya migomba, mkono mmoja kifuani, akaenda kula chakula cha mama yake.

Niliondoka kwa njia ya nyuma. Nilikuwa nimeshafika barabarani, natafuta pikipiki, Anande akanifikia anahema. Hakuniangalia. Alinipa kopo lililofungwa kwa leso, lina joto. "Mama amesema usiondoke na njaa," akasema, akarudi zake.

Nililipakata lile kopo mpaka Sakina. Niliila ile loshoro yote, nimesimama, mlango wa saluni nimeufunga. Ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Picha niliitoa ukutani. Sabina hanisemeshi siku hizi, kwa sababu kila anayekuja kutaka kunawiri kwa ajili ya harusi ninamkalisha kwenye kiti na kumweleza, na biashara yake imeyumba. Ephraimu hapigi simu. Hans akipita hunipungia mkono, hasimami. Saluni imejaa kama kawaida, wanacheka, wanasengenya, na mimi nacheka nao.

Wiki iliyopita akaja mteja mpya, mama mnene mchangamfu, anaitwa Fransiska, anataka kusukwa mistari. Nikamuuliza anatoka wapi, kama ninavyomuuliza kila mtu.

"Akheri," akasema. "Ee, nikupe habari ya kwetu, hii hujaisikia! Kuna kijana wa kwaya yetu, fundi magari. Wamemtoa damu huko India, wakazibadilisha seli zake kwa mitambo. Mara ya kwanza ziligoma. Safari hii zimekua! Wamemrudishia mwilini wiki iliyopita. Mama yake amepiga simu kanisani, anasema alipandwa na homa kali siku mbili, sasa imeshuka. Kama zimeukuta ule uvimbe hawajui bado. Mpaka wampige picha mwezi ujao. Tunaomba tu."

Vidole vyangu viliendelea kusuka vyenyewe. "Anakula?" nikauliza.

"Mama yake yuko naye, atakosaje kula! Mama yule anapika huyo!" Akashusha sauti, akanigeukia nusu, macho yanameta kama yanavyometa ya kila mtu mwenye habari tamu. "Lakini hujasikia chanzo. Mara ya kwanza ziligoma kwa sababu ya mchumba wake. Mchaga mmoja wa huku huku kwenu Sakina. Alimlisha madawa ya kunenepa ili aonekane mzima siku ya posa! Karibu amuue, halafu akanyamaza kimya, mama wa watu akabebeshwa lawama. Mwanamke ana roho ya namna gani yule?"

Chini ya mashine ya kukausha nywele, watu wawili waliinua vichwa. Wao wananijua.

"Wewe uko hapa Sakina," Fransiska akasema, "hukosi kumfahamu. Unamjua?"

"Namjua," nikamwambia. "Inamisha kichwa, mama, nimalize."